Historia ya Marehemu Jules Lusangi, Aliyefukiza Msitu wa Obokote

Wakwe zetu mliotoka Obokote, ndugu na majirani wa Alunguli, mlio ndani ya ua na mlio nje chini ya turubai, tunaomba utulivu. Familia ya Lusangi imemtuma Sumaili, mdogo wa marehemu, asome maisha ya kaka yake tangu kuzaliwa hadi kufa, na asome yote, kwa sababu wakwe waliofika juzi kwa pikipiki wameketi pale upande wa kushoto bila kugusa chakula wala maji ya msiba huu, wakasema hawatauachia mwili utoke nyumbani hadi wasikie jina la mama yao likitajwa mbele ya watu pamoja na namna alivyokufa. Ni haki yao, maana mwanamke wa nyumba hii ni binti yao, na kwetu mkwe akikaa chini maiti haiinuki. Kwa hiyo aliyezoea historia za marehemu zilizopakwa mafuta avumilie kidogo leo.

Jules Lusangi alizaliwa hapa Alunguli tarehe 14 Mei 1964, miezi miwili kabla ya waasi wa mwaka ule kuingia mji, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bruno Lusangi, mfanyakazi wa reli, na mama Adolphine, aliyeuza mawese sokoni ng'ambo ya mto huko Kasuku. Alikuwa mtoto mwenye akili nyepesi na shingo ngumu, akishinda mchezo anacheka hadi machozi, akishindwa anasema wenzake wamevunja sheria, na baba yetu, Mungu amrehemu, alimpenda hivyohivyo, akawa anamsifia mbele ya wageni wakati sisi wengine tunachota maji.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Alunguli kuanzia Septemba 1970 hadi Juni 1976, akaendelea na sekondari ya kilimo hapa Kindu hadi mwaka 1982, kisha akaenda Kisangani, ambako kati ya mwaka 1983 na 1987 alijifunza wadudu wanaoharibu mimea na miti, akarudi na diploma yake pamoja na sanduku la kioo lenye mende, panzi na vipepeo waliochomwa sindano, kila mmoja na jina lake la kilatini, akawa analionyesha kwa wasichana kama mwingine angeonyesha redio mpya. Tangu siku hizo hakuna aliyemwita Jules tena, alikuwa Agronome, nyumbani Agronome, kanisani Agronome, hata mama yake mzazi alimwita hivyo.

Tarehe 1 Februari 1988 aliandikwa kazi katika utumishi wa kilimo hapa mkoani, akazunguka mashamba ya mpunga na kahawa kwa baiskeli hadi mshahara ulipokoma na baiskeli ikaoza, na hata hapo alikwenda ofisini kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, akaketi. Vita ilipofika Kindu mwezi wa Oktoba 1998 alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mke, hana akiba, ana lile sanduku tu, akaliacha chini ya kitanda na kutoka kwa miguu tarehe 9 pamoja na watu wengine walioshika njia ya Punia. Wengine walirudi, wengine walifia njiani, yeye aliendelea kaskazini hadi tarehe 2 Desemba alipoanguka kwa homa kwenye kijiji kimoja cha ndani ya msitu, upande wa Obokote.

Aliyemwokota ni mjane, jina lake Mama Claire Mangaza, na hapa tunalitaja jina hilo kwa mara ya kwanza ili wakwe zetu walisikie. Hakuwa na shamba la kutosha wala mtoto wa kiume, alikuwa na binti mmoja, Espérance, na nyumba ya majani yenye vyumba viwili, lakini alimpa mgeni chumba kimoja, na majira ya viwavi yalipowadia mwaka uliofuata alimlisha kwa desturi ya kijiji chake, ambayo tunaieleza hapa kwa sababu bila hiyo hamtaelewa yatakayofuata. Kule kila mti mkubwa wa sapeli una familia yake, nayo huzungusha kamba ya msituni kwenye shina kama alama, na viwavi wanaokula majani ya mti huo wakinenepa, ni wenye mti tu wanaoruhusiwa kupanda au kukata tawi ili wawachume, wawachemshe, wawakaushe na kuwauza. Lakini kiwavi aliyeshuka mwenyewe, aliyeanguka chini kwa upepo au kwa kukomaa, huyo hana mwenyewe, ni wa mjane, yatima na mgeni, na mtu mwenye mti akionekana ameinama kuokota wa chini, kijiji kizima kinamcheka. Agronome alisita siku ya kwanza mbele ya sahani, maana wale aliwajua kwa jina la kilatini, Mama Claire akamsukumia sahani na kumwambia, "Kula, mugeni. Ile yenye kuanguka haina mwenyewe, njo yetu siye na weye."

Alikula. Alikula misimu minne ya vita, akanenepa wakati watu wa Kindu wanachemsha majani ya mihogo bila chumvi, na tarehe 22 Julai 2000 akamwoa Espérance kwa mahari ya jembe, panga na ahadi, mama mkwe akapokea ahadi ile kama kitu cha kushikika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Déborah aliyezaliwa kulekule tarehe 3 Aprili 2001, na Joël aliyezaliwa hapa Kindu tarehe 19 Novemba 2005, baada ya amani kurudi na familia kuteremka mjini mwezi wa Agosti 2003. Kila mwaka baada ya hapo, Mama Claire alimpakilia mtu wa pikipiki kapu la viwavi wakavu kwa ajili ya mkwe wake, na kila likizo Déborah alipelekwa kwa bibi yake.

Sasa tunakuja kwenye kazi iliyompatia jina la aliyefukiza msitu. Tarehe 10 Machi 2014 aliajiriwa na kampuni moja ya mbao, ambayo haina watu tena hapa wa kuitetea na hatutaitaja, iliyokuwa na eneo upande wa Obokote, ikitunza miti mikubwa ya sapeli, hata ile yenye kamba za familia, na kupanda michanga. Wakubwa wake waliona viwavi wakinyoa miti kila mwaka hadi inabaki mifupa, wakamuuliza Agronome hasara ni kiasi gani na kuwaangamiza kutagharimu nini, swali zuri kabisa, ambalo mtu wa elimu yake alipaswa kulijibu kwa pande zote mbili. Alipima miti, akaonyesha kwamba mti unaopoteza majani hutumia nguvu zake kuyarudisha badala ya kunenepesha shina, kwa hiyo mbao zinachelewa, akaweka upande mmoja mbao zitakazookolewa, akaweka upande wa pili dawa, mashine za kufukiza moshi, mafuta na vibarua, faida ikang'aa. Mkubwa mmoja, na tunamshukuru kwa kuuliza, akataka kujua wanakijiji wanapata nini kwa wadudu hao.

"Hakuna kitu, patron," Agronome alijibu, na maneno haya alimsimulia Sumaili mwenyewe, akicheka, hapa hapa uani, chupa mkononi. "Mududu haina fakture." Yaani mdudu hana karatasi ya bei, basi hana thamani.

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba sabuni ya kijiji kile, chumvi yake, vitenge vyake, ada za shule za watoto wake na dawa za wagonjwa wake vilitoka kwenye magunia ya viwavi yaliyoshuka Kindu na kupanda Kisangani kila msimu, alijua kwamba mke wake alivalishwa kwa viwavi na yeye mwenyewe alibaki hai kwa viwavi, akaandika sifuri. Sifuri ile ilimletea nyongeza ya mshahara, pikipiki mpya na bati la nyumba hii mnayoiona, na wengi wetu tulioketi hapa tulikula chini ya bati hilo bila kuuliza.

Mwezi wa Agosti 2016, viwavi wakiwa wamenenepa, aliitisha mkutano kijijini. Alikuja na kofia ya kampuni, akamweleza mzee Kassim, mkubwa wa kijiji, kwamba miti itafukizwa, kwamba ni marufuku kwa majuma matatu kupanda mti wowote, kukata tawi au kuchuma kiwavi juu ya mti, na atakayekiuka atapelekwa kwa askari. Watu walinung'unika, wanawake wakapiga kelele, wengine wakaondoka, lakini mzee Kassim ni mtu wa neno lake, akasimama na kusema, "Agronome, tumesikia. Mutu wa kwetu hatapanda muti." Na kweli hakuna aliyepanda. Katika ile hotuba yote ndefu, yenye Kifaransa na Kiswahili, Agronome hakusema lolote juu ya wale viwavi watakaoanguka. Baadaye aliapa kwamba alisahau. Mtu aliyelishwa viokoteo miaka minne anasahau viokoteo, hivyo ndivyo alivyotaka tuamini.

Alfajiri ya tarehe 17 Agosti, upepo ukiwa umelala, mashine ziliwashwa, moshi mweupe ukapanda polepole hadi vileleni, na kabla umande haujakauka viwavi walianza kumwagika, wakadondoka juu ya majani, juu ya njia, juu ya mapaa, hai bado, wakijipindapinda, wengi kuliko alivyowahi kuona mtu yeyote wa kijiji kile. Wenye miti walitazama tu wakiwa wamekunja mikono, wakaona uchungu, kwa sababu mali yao ilikuwa inageuka kuwa ya wengine mbele ya macho yao. Wajane walitoka na makapu. Wakimbizi wa vita nyingine, waliokaa pembeni mwa kijiji bila mti wala shamba, walitoka na watoto wao na masufuria, wakiimba, wakimsifu Mungu kwamba mwaka huu amewakumbuka wa chini kwanza, na Mama Claire alikuwa mbele yao, mjukuu wake Déborah akimshikia kapu. Wa kwanza, kama kawaida yake, aliwatenga kwa ajili ya mkwe.

Walichemsha, wakala. Kabla ya jua kufika utosini watu kumi na moja walilala kwenye mikeka ya zahanati moja ndogo ya huko, wanatapika, wanaharisha, udenda unawatoka, miili inatetemeka, na muuguzi Nicole, mwanamke aliyekuwa peke yake siku ile, alifikiri ni kipindupindu, lakini macho yao yalimtia shaka, maana mboni zilikuwa zimekazana hadi kuwa ndogo kama tundu la sindano. Alikuwa na dawa ya kupinga sumu ya namna hiyo, atropini, vichupa vichache ndani ya kabati, dawa ambayo haichomwi kwa kubahatisha. Agronome alipofika na pikipiki yake, Nicole alimkimbilia mlangoni akamuuliza kwa maneno mepesi, "Ile moshi mulipiga iko na sumu gani? Uniambie, niko na sindano."

Sasa tusikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo maisha haya yote yanaposimama. Mama mkwe wake alikuwa amelala mkeka wa pili kutoka mlangoni, anamtazama. Binti yake Déborah alikuwa mkeka wa tatu, amekula kidogo tu, fahamu anazo, masikio anayo. Agronome alijua jina la ile sumu, kopo lake alilibeba kwa mikono yake, na alijua pia kwamba akilitaja, kampuni itashtakiwa, kazi itakwisha, bati litang'olewa. Akamjibu Nicole:

"Ni moshi ya wadudu tu, haiuwe mutu. Hii ni kipindupindu, uwapatie serumu."

Nicole akatundika maji ya chumvi, kabati likabaki limefungwa. Agronome akamchukua Déborah akampakia kwenye pikipiki hadi Lubutu, akamtajia daktari wa kule sumu kwa jina lake lote, kwa kunong'ona, binti yake akachomwa sindano akapona, na tunamshukuru Mungu kwa uhai wake. Hakurudi zahanati. Jioni ile alikufa Mama Claire Mangaza, mjane, na pamoja naye wakafa wakimbizi watano, wawili kati yao watoto wadogo, ambao majina yao tumeyatafuta hatukuyapata, kwa sababu hakuna aliyeyauliza walipokuwa hai. Taarifa ya kampuni ilisema kipindupindu, na chini yake Agronome alitia sahihi.

Déborah alikaa kimya mwaka mzima, kisha siku moja mezani akamwambia mama yake aliyoyasikia kwenye mkeka na aliyoyasikia Lubutu, akasema hataki tena ugali wa baba yake, akahamia kwa Sumaili, anakoishi hadi leo. Espérance hakupiga yowe. Alimuuliza mumewe neno moja, "Mama yangu alikufa na nini?" Alipojibiwa kwamba kulikuwa na watoto wa kusomesha, aliinuka akaosha vyombo, na tangu siku ile alimpikia, alimfulia, alimtandikia, lakini hakula naye tena hata siku moja.

Mtasema angalau kampuni ilifaidi. Haikufaidi. Ule moshi haukuchagua, uliua pia vidudu vidogo vinavyofanana na nyigu, ambavyo vilikuwa vinakula mayai ya mtoboaji, yule mdudu anayeingia ndani ya kichipukizi cha sapeli changa na kukila kwa ndani, na vilipoisha, mtoboaji akastarehe, mwaka 2017 na 2018 michanga yote ikavunjika vichwa, ikaota matawi ya ovyo yasiyofaa hata kwa mpini. Tarehe 29 Machi 2019 kampuni ilifunga virago, ikaacha makopo matupu, ambayo watu wa huko wanachotea maji hadi leo licha ya kukatazwa, na ikamwacha Agronome bila pensheni. Hesabu yake yote, ukiondoa bati hili, ilirudi kuwa ile sifuri aliyowaandikia wenzake.

Mwezi wa Juni mwaka uleule alikwenda Obokote. Hakukiri chochote, alitaka tu kukaribishwa kama zamani, aonekane mkwe, alipeleka kitenge na kilo kumi za chumvi. Mzee Kassim alimpa kiti na maji. "Kaa, kunywa mayi, baba Déborah," alimwambia. "Chakula yetu sasa iko na wenyewe." Agronome alikaa hadi jioni akinusa vyungu vya watu, akalala na njaa, akarudi na chumvi yake.

Ugonjwa ulianza mwaka 2020 kwa mkono wa kulia kutetemeka, ukashika mguu, ukashika ulimi, na madaktari wa Kindu waliposikia kwamba alishika makopo yale misimu mitatu, tangu moshi ule wa kwanza, bila glavu, kwa kuwa glavu zilipunguza faida naye mwenyewe ndiye aliyezikata kwenye bajeti, walitikisa kichwa. Mtu aliyekuwa akichoma kipepeo sindano katikati ya kifua bila kukosea alishindwa kufikisha kijiko mdomoni. Espérance alimlisha miaka miwili, taratibu, uji haukuwa wa moto wala wa baridi, hakumwagia hata tone, na hakumwambia pole. Agronome alilia mara nyingi, akimwomba mkewe aongee naye, na sisi tulikisikia kilio kile usiku na mchana. Siku tatu kabla ya kufa alimvuta Sumaili karibu, akamwagiza kwa ulimi mzito kwamba siku ya kusoma historia yake aseme kipindupindu. Sumaili aliitikia, ili mgonjwa apate kulala. Alifariki nyumbani hapa tarehe 6 Juni 2024, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sitini, ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kindu waliomtunza bila kumhukumu, inawashukuru majirani wa Alunguli kwa kuni, maji na viti, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, wale wawili waliokuja na wale wote waliojificha, inamshukuru Muuguzi Nicole, aliyeketi pale nyuma, aliyepanda pikipiki siku mbili ili asikie kwa masikio yake kwamba siku ile hakukosea yeye. Inamshukuru Espérance, ambaye hatuna neno la kumlipa.

Wakwe zetu, tumemaliza. Jina la mama yenu limetajwa, na namna alivyokufa imesemwa kwa sauti, na kaka yetu amekosa lile aliloomba mwisho ili ninyi mpate lenu. Mkisimama, tutambeba. Mkiendelea kukaa, tutakaa pamoja nanyi, jua lipande, na wewe Jules utangoja humo ndani ya sanduku, kama walivyongoja wao kwenye mikeka neno moja kutoka kinywani mwako. Amani yako haiko kwetu, iko upande wa kushoto. Wakikupa, pumzika nayo.